Nilivyoanua Nguo za Watu Jua Likiwaka

Nyinyi wasichana mnaokaa kwenye ukuta wa kanisa hapa mtaani Mowlem, Nairobi, kila asubuhi mkingoja kuitwa kufua, na nyinyi wajukuu zangu mnaodhani shosho wenu alizaliwa akiwa mzee, wekeni simu chini. Mmenisumbua vya kutosha. "Shosho, Italia kulikuwa aje? Shosho, picha ziko wapi?" Picha ni moja, na ndani yake nimefumba macho. Kwa hiyo nimeandika. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini herufi ni zile zile walizosoma wengine, na mkono uliokamua mablanketi ya watu hauwezi kushindwa na kalamu.

Nitawaambia juu ya kilima kimoja kinachotazama mji wa Florence, na kosa nililofanya pale. Mjomba wenu Wekesa anasema lilikuwa kosa la ushamba. Lilikuwa kosa la kazi. Wekesa hajawahi kufua hata soksi, atajua wapi?

Lakini kilima hamtakielewa kama hamjui kamba. Tuanze na kamba.

Nilikuwa mama fua. Nilianza Nafula, kifungua mimba wangu, akiwa mgongoni, nikaacha Nafula akiwa mtu mzima wa kunitumia tikiti ya ndege. Nimefua Umoja, nimefua Buruburu, nimefulia walimu na makarani wa reli, na wanaume wa viwanda vya Baba Dogo ambao ovaroli zao zilikuwa zikisimama zenyewe kwa grisi. Aliyenifundisha ni Mama Zuhura wa ploti yetu, mwanamke mwembamba, Mwislamu, ambaye kila Alhamisi alifua kanzu za karibu msikiti mzima ili Ijumaa zing'ae.

Siku ya kwanza nilikoroga sabuni mpaka povu likamwagika nje ya karai. Nilidhani atanisifu. Akasimama, mikono kiunoni.

"Wewe binti, unafua au unachemsha chai ya maziwa?"

"Nafua, Mama."

"Povu ni la kufurahisha macho. Uchafu hutolewa na mkono na subira. Mwaga hiyo, anza tena."

Nikamwaga. Maji siku hizo tulikuwa tunayabeba, kwa hiyo nilimwaga na machozi kidogo. Lakini nilijifunza. Kola kwanza na kwapa kwanza, kabla nguo haijaingia kwenye karai. Damu ni maji baridi na chumvi. Maji ya moto yanaipika damu, inakaa milele. Grisi ya kiwandani unaipaka mafuta ya taa kidogo, unaiacha, ndipo sabuni. Sweta halikamuliwi, linafinywa ndani ya taulo kama mtoto aliyetoka kuoga. Shati linaanikwa kwa pindo, kichwa chini. Ukilining'iniza kwa mabega, pegi zinaliotesha masikio, na mwenyewe anakwenda ofisini akiwa na masikio manne. Na mfuko wowote unageuzwa. Mimi niliwahi kutogeuza, nikafua suruali ya mzee mmoja wa Umoja na meno yake ya bandia ndani. Nilipomrudishia aliyatia mdomoni hapo hapo, akasema hayajawahi kuwa safi hivyo tangu ayanunue.

Hilo la meno linachekesha. Hili lingine halikunichekesha. Nililoweka kitambaa chekundu cha kichwa pamoja na mashati sita meupe ya mwalimu mkuu. Nikaenda kupiga domo. Niliporudi mashati yalikuwa na rangi ya fizi. Nikafanya ujinga wa pili: nikayaanika haraka, nikitumaini jua litayasamehe. Sikilizeni, nguo iliyochujiwa rangi usiikaushe kamwe. Irudishe majini ingali mbichi. Ikikauka, rangi imepata nyumba.

Nikamwambia Mama Zuhura nitayaacha mlangoni kwa mwalimu nikimbie. Akavaa buibui yake.

"Twende."

"Utaniombea msamaha?"

"Mdomo unao. Utasema mwenyewe. Mimi naenda kusimama tu."

Na kweli alisimama. Nilisema yote, na mwanamke huyo karibu nami kama nguzo ya kamba. Mwalimu mkuu aliyaangalia mashati yake, akamwangalia Mama Zuhura, akasema haya, atayavaa akienda shambani. Tangu siku hiyo nimejua kwamba mtu akikosa hahitaji wakili. Anahitaji mtu wa kusimama naye.

Sasa sheria ya kamba. Katika ploti yetu kuna kamba tatu na familia kumi na mbili. Mama Zuhura alisema hivi: tone la kwanza likianguka, aliye karibu anaanua zote. Haulizi hii ni ya nani. Haulizi huyu tunaongea au hatuongei. Anaanua, anakunja, anaziweka penye mlango wa mwenyewe. Naye mwenyewe hasemi asante. Asante yake ni mvua ijayo. Mimi na Mama Brayo wa chumba cha nne hatujasalimiana tangu siku tuliyogombania pipa la maji, na bado nguo zake nazijua zote, hata zile mumewe hajui zina viraka.

Na mimi nilikuwa hodari wa kujua mvua. Nilisoma mbingu kwa moshi wa dampo la takataka la Dandora. Ukipanda wima, anika bila wasiwasi. Ukilala na kuanza kuja upande wetu, na upepo ukaleta harufu ya vumbi lililolowa, una muda wa kukunja shuka mbili. Wanawake wa ploti walikuwa wananiita Redio. Jina likanipanda kichwani. Nikaanza kuanua kabla ya tone, ili watu watoke wakute mvua inaanza na mimi nimeshamaliza. Mama Zuhura hakupenda.

"Ngoja tone," akaniambia.

"Nikingoja zitalowa, Mama."

"Zilowe kidogo. Anayeanua kabla ya tone, tutamtofautishaje na mwizi? Mwizi naye huanua jua likiwaka."

Nilicheka. Amelala sasa makaburini, Mungu amrehemu, na ningependa aamke dakika moja nimwambie alikuwa amesema kweli.

Haya. Florence.

Nafula nilimpa jina hilo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Kwetu magharibi ndivyo tunavyowaita wasichana wa mvua. Miaka mingi sasa anafanya kazi kule ya kumtunza bibi mmoja mzee. Anamwogesha, anampikia, anamtembeza, anaishi naye nyumba moja. Sisi tutamwita Sinyora, yaani Bibi kwa lugha yao, kama Nafula anavyomwita. Nilipofika nilimkuta Sinyora ameketi dirishani, nywele zimechanwa vizuri, macho yako mbali. Akili yake ilikuwa inaondoka polepole. Alikuwa haongei ila neno moja moja, na mikono yake ameilaza mapajani kama vitu alivyowekewa na mtu mwingine.

Ana mtoto mmoja, Paolo, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kikohozi cha mtu anayefikiri sana. Paolo alitaka kumpeleka mamake kwenye makao ya wazee. Alimwambia Nafula waziwazi: mama anakaa tu siku nzima, hafanyi kitu, hasemi kitu, labda kule watamwamsha. Kama Sinyora angehamishwa, Nafula angepoteza kazi na chumba siku moja, na kibali chake cha kukaa nchini mle kimefungwa kwenye kazi hiyo. Paolo alisema Jumapili watampeleka mama kwenye kilima, mahali alipokuwa akipapenda, halafu atatoa jibu.

Sitawadanganya. Huku nyumbani mwanangu Wekesa na wenzake walikuwa wamenituma. "Mama, usirudi peke yako. Rudi na Nafula." Na mimi, kila nilipopiga magoti kule, nilikuwa naomba jibu la Paolo liwe baya. Ndiyo. Niliomba mtoto wangu afukuzwe, ili arudi Mowlem nimwone nikiwa na macho. Someni hivyo hivyo, msinipambe.

Jumapili asubuhi Nafula akanifunga skafu shingoni kama nilivyokuwa nikimfunga yeye.

"Mama, leo nakuomba. Usiseme kitu, usishike kitu."

"Nishike nini mlimani? Mawe?"

"Mama!"

"Nimesikia."

Gari la Paolo likazunguka na kupanda katikati ya miti mirefu iliyochongoka kama penseli, likatutoa kwenye uwanja mpana. Tukamsukuma Sinyora kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni.

Watoto, sikilizeni. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Lakini nilishika ule ukuta. Mji wote ulikuwa chini yetu, wote, kama mtu ameutandika juani ukauke. Mapaa ya vigae rangi ya chungu, moja linagusana na lingine. Katikati kuba kubwa jekundu limeketi kama kuku juu ya vifaranga. Mto unapita, na juu ya mto daraja lililojengwa nyumba juu yake, kana kwamba wenyewe waliambiwa wahame wakakataa. Nyuma yake vilima vya bluu. Watu walikuwa wanapiga picha na kubusiana. Kijana mmoja akanipiga picha na mimi, ndiyo ile niliyofumba macho.

Nilichofikiria ni hiki: nimeishi Nairobi karibu maisha yangu yote na sijawahi kuiona Nairobi. Huku Eastlands unaona ukuta wa jirani, kamba ya jirani, na kipande cha mbingu juu ya kamba. Kumbe mji una umbo. Nilitamani Mama Zuhura auone. Nilimwangalia Nafula, naye anaangalia ule mji kama mtu anayeaga, na moyo ukaniuma, lakini bado sikuibadilisha sala yangu.

Paolo akamwita Nafula kando wazungumze. Nikabaki na Sinyora. Nikamsogeza kidogo chini, kwenye njia ya mteremko penye kivuli, kuna nyumba ndogo na bustani yake. Geti lilikuwa wazi. Na bustanini kulikuwa na kamba.

Macho ya kazi hayastaafu. Shuka mbili nyeupe, kitambaa cha meza, mashati matatu, na vinguo vya mtoto mchanga. Mashati yameanikwa kwa mabega. Nikasikitika kimya kimya. Ndipo upepo ukageuka. Nikanusa vumbi lililolowa. Nikatazama ng'ambo ya mto, wingu jeusi limekaa nyuma ya vilima, tumbo lake liko chini, linakuja.

"Sinyora," nikamwambia kwa Kiswahili, maana ndicho nilicho nacho, "mvua hiyo."

Nikabisha getini. "Hodi! Mama, nguo!" Kimya. Nikabisha tena. Kimya.

Jamani, mikono haikuniuliza. Niliingia, nikavuta pegi ya kwanza, na zilizobaki zikafuata. Sikuwa na beseni, kwa hiyo kila nilichoanua nilikikunja nikakiweka mapajani pa Sinyora pale getini. Shuka, kitambaa, mashati, vinguo. Sinyora akafichwa mpaka kidevuni. Nilikuwa nakunja la mwisho, nikijisikia Redio kama zamani, wakati mwenye nyumba alipotokea na mtoto begani.

Alipiga kelele. Sikujua lugha, lakini neno la mwizi lina sauti moja popote. Watu wa picha wakageuka. Paolo na Nafula wakateremka mbio. Na sasa tazameni alichokiona Paolo siku ya kutoa jibu: mamake yuko getini kwa mtu, amejazwa nguo za kuibwa, na mamake Nafula ameshika shati la ushahidi.

"Mama, umefanya nini?" Nafula alisema kwa sauti ndogo. Hiyo sauti ndogo ni mbaya kuliko kofi.

"Mvua inakuja."

"Mvua ipi?"

Nikaonyesha. Wote wakageuza shingo. Na kweli ilikuja, sikukosea. Tuliiona ikiingia mjini, pazia la kijivu, ikilimeza lile kuba, ikimeza daraja, mapaa yakiwa meusi moja baada ya moja. Nikaanza kupumua. Ikafika mtoni.

Ikasimama.

Ng'ambo mvua, upande wetu jua. Hata tone. Mbayuwayu wanapita wakicheza. Tukangoja, wote, mwenye nyumba na mtoto wake, watu wa picha, mimi na shati langu. Mimi ambaye nimeanua nguo zaidi ya nywele zangu sikuwa nimewahi kujua mvua ina mwisho, kwamba ina ukingo kama shuka. Kwetu, kati ya kuta, ikinyesha imenyesha kila mahali. Mvua ikaondoka kuelekea vilimani. Mwenye nyumba akanitazama, akaonyesha jua kwa kidole.

Mama Zuhura, nikasema moyoni, umenipata.

Nafula angeweza kunifunika. Angesema mama yangu ni mzee, akili zimechoka, na wangemwamini, maana Sinyora alikuwa pale pale kama mfano. Badala yake akaja akasimama ubavuni mwangu, bega kwa bega.

"Sema mwenyewe," akaniambia. "Mimi nitatafsiri tu."

Sikujua kwamba alikuwa amebeba maneno ya Mama Zuhura mpaka kule. Labda aliyasikia akiwa mgongoni.

Nikasema. "Mwambie mimi ni mama fua. Mwambie kwetu mvua ikija jirani anaanua, haulizi. Mwambie kosa ni langu, nimeanua kabla ya tone, na hata kwetu huyo anaitwa mwizi. Mwambie nitazianika tena zote, moja moja, na nitaomba msamaha kwa kila pegi."

Nafula akatafsiri. Yule mama hakucheka. Alihamisha mtoto bega la pili, akasema jambo fupi.

"Anasema zianike basi."

Nikaanza na shuka. Shuka iliyokunjwa ikiwa mbichi lazima ikung'utwe na watu wawili, ama itakauka na makunyanzi. Nikaitoa mapajani pa Sinyora, nikageuka kumpa Nafula ncha. Ncha ikawa imeshikwa.

Sinyora alikuwa ameishika pembe mbili, kidole gumba ndani, vidole vinne nje, hivyo hasa inavyoshikwa. Ile mikono iliyolala mapajani. Nikarudi nyuma mpaka shuka ikakaza. Akanitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema neno, nadhani ni moja, akasema jingine, nadhani ni mbili, na akakung'uta. Paa! Mkung'uto wa mtu aliyefanya kazi! Karibu anivute nianguke. Nikakung'uta na mimi. Paa!

"Nani amekufundisha?" nikamwuliza kwa Kiswahili.

Akanijibu kwa lugha yake, maneno marefu, mengi, huku akivuta shuka. Nafula hakutafsiri. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Anasema nini? Wewe, sema!"

"Anasema unaikunja vibaya, Mama. Anasema pindo huanza upande wa kushoto."

"Mwambie akome."

Paolo alikuwa amesimama nyuma yetu na kile kikohozi chake, ila safari hii hakikuwa kikohozi, macho yake yalikuwa yamelowa. Tulianika shuka mbili na kitambaa cha meza, mimi nikienda na kurudi, Sinyora akinipa pegi moja moja kutoka mapajani, na akiona nimeipanga vibaya anakipiga kiti kwa kiganja. Vinguo vya mtoto alivinyoosha mwenyewe kwa vidole. Mashati niliyaanika kwa pindo, kichwa chini, nikiwaachia Waitaliano elimu. Tulipokuwa tunaondoka nikageuka. Yule mwenye nyumba alikuwa anayarudisha kwa mabega, moja baada ya jingine. Sikusema kitu. Kamba ni yake.

Kwenye gari Paolo aliendesha akitazama barabara tu. Nikajua nimefaulu: jibu litakuwa baya, Nafula atarudi nyumbani, sala yangu imejibiwa kwa aibu yangu mwenyewe. Nikajaribu kufurahi. Haikuwezekana. Nilikuwa naona tu ule mkono juu ya mdomo.

Siku ya tatu Paolo alikuja amebeba kamba ya nguo, mpya, imeviringwa. Akaifunga kwenye roshani, akaiweka chini kiasi cha mtu aliyeketi kuifikia. Akamwambia Nafula makao ya wazee yangoje, angependa mama awe anaanika. Mashine ilikuwepo ya kufua, lakini ya kukausha akaizima. Tangu siku hiyo Sinyora anaanika kila asubuhi. Nafula ananiambia akimaliza anaanua, kisha anaanika tena zile zile, na akianika anaongea. Mengine hayana maana. Mengine ni majina ya wanawake aliofua nao akiwa msichana.

Jioni moja kabla sijaondoka tulikuwa tunapiga pasi, Nafula na mimi, yeye shuka, mimi foronya. Bila kuinua kichwa akaniuliza:

"Mama, ulikuwa unaomba nini kila asubuhi?"

Mdomo ninao. Nikasema mwenyewe.

"Nilikuwa naomba ufukuzwe."

Akaweka pasi wima. Nilingoja hasira, nilikuwa nimeistahili.

"Ndio maana kilimani ulikimbilia nguo za watu," akasema, na alikuwa karibu kucheka. "Wewe kila kitu unataka kukianua mapema. Mama, mimi sijanyeshewa. Kazi ninayo, kitanda ninacho, yule bibi ananipenda hata siku asiyonijua. Siku nikinyeshewa nitakuita, nawe utakuja?"

"Nitakuja."

"Basi niache kambani."

Nikachukua foronya nyingine. Ilikuwa imepigwa pasi tayari, lakini niliipiga tena.

Wasichana wa ukutani, mkitaka somo la kazi, chukueni: mashati kwa pindo, damu maji baridi, geuzeni mifuko. Siku hizi mashine zinaingia kila ghorofa, na mtakuwa mnaitwa kwa mablanketi na mazulia tu, kwa hiyo jifunzeni kufua mazulia. Lile somo lingine sikulijua mpaka niliposhika ukuta juu ya Florence, na sitalirudia, nimeshaliandika.

Siku niliyorudi walikuwa wamejaa chumbani, Wekesa na mkewe, wajukuu, hata mchungaji amealikwa. Walikuwa wamepika ugali na kuku. Wakatazama nyuma yangu mlangoni, wakaona begi tu.

"Nafula yuko wapi?" Wekesa akasema. "Mama, si tulikubaliana? Lete simu nimwambie mimi mwenyewe."

Sikuwa nimevua viatu. Nje upepo ulikuwa umegeuka, moshi wa Dandora umelala juu ya ploti, na kamba zote tatu zimejaa. Wajukuu wakaanza kuinuka, nikawanyooshea kidole wakae. Tukangoja, nimesimama, kuku anapoa, mpaka nikalisikia tone juu ya bati, moja.

"Hakuna mtu wa nyumba hii atakayempigia Nafula simu kumwuliza anarudi lini," nikawaambia. "Na wewe Wekesa, toka nje uanue. Zote. Hata za Mama Brayo."